Nimefunga tairi mpya mwenyewe nyumbani, sasa usukani unatetemeka kuanzia 90. Kosa liko wapi?

#1 NatiTano (mleta mada)
Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana jambo hili linaninyima raha.

Gari yangu ni saluni ndogo inayovutwa na tairi za mbele, saizi 195/65R15. Tairi za mbele zilikuwa zimebaki vipara, nikanunua mbili mpya. Fundi wa tairi akazivika kwenye rimu na kuzipiga balansi, mimi nikazibeba hadi nyumbani nikazifunga mwenyewe mbele. Kwa kuwa magurudumu yalikuwa yameshatoka, siku hiyohiyo nikabadilisha na breki pedi za mbele, kulia na kushoto.

Kesho yake nikaingia barabara kuu. Hadi kilomita 80 kwa saa gari imetulia kabisa. Ikifika 90 usukani unaanza kutetemeka mikononi, unazidi hadi 100 na kitu, nikipita 110 unapungua. Nikikanyaga breki hakuna kinachoongezeka. Kabla ya hapo haikuwa hivyo hata kidogo.

Fundi wa tairi anasema balansi yake iko sawa, kosa ni langu la kufunga. Jirani anasema shokapu. Nianzie wapi? Na swali la pili: nilikosea kuweka mpya mbele?

#2 Pistoni_Moja
Balansi hiyo, usitafute mbali. Mtetemo unaoanza kwenye kasi fulani na kufifia ukiipita ndiyo alama yake. Gurudumu lenye uzito zaidi upande mmoja linajirusha kila likizunguka, na kuna kasi moja ambapo mrusho huo unaoana na mtikisiko wa mfumo mzima wa shokapu na usukani. Hapo ndipo mikono inausikia. Gramu 20 tu zinatosha. Chungulia upande wa ndani wa rimu: ukiona alama safi ya mstatili yenye gundi, ujue kipande cha risasi (kile kizito cha kusawazisha gurudumu) kilidondoka wakati unabeba.

#3 BintiSpana
Kabla ya balansi, kabla ya shokapu, kabla hata ya kujibu hapa: nenda ukajaribu nati zako. Sasa hivi. Kisha rudi utueleze ulikazaje.

#4 NatiTano
@BintiSpana nimetoka kuzijaribu, hazijalegea. Nilikaza gari ikiwa bado juu ya jeki, nikaenda moja baada ya nyingine kwa kuzunguka, mwisho nikasimama juu ya wili spana hadi zikagoma kabisa.
@Pistoni_Moja vipande vya risasi vyote vipo.

#5 MzeeJeki
Kijana, hapo umeshajijibu nusu. Ukikaza nati moja hadi mwisho kabla ya wenzake, inalivuta gurudumu upande wake na linakaa tenge. Nyingine zinakuja kulibana likiwa tenge vilevile. Jicho halioni, lakini kwenye 90 mkono unaona.

Fanya hivi. Inua gari, toa gurudumu, safisha uso wa habu, pale gurudumu linapokaa, kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke. Rudisha gurudumu, zungusha nati zote kwa vidole hadi ziguse. Kaza kidogo kwa kuruka: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne, kama unachora nyota. Shusha gari mpaka tairi ikanyage chini, ndipo umalizie kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Gari ndogo nyingi zinataka kati ya nyutonimita 100 na 120, ila kitabu cha gari yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, pima tena.

Na hilo la kusimama juu ya spana liache leo. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 40 anakaza kwa karibu nyutonimita 300. Bolti inavutika, na iliyovutika ipo siku itakatika.

#6 DerevaWaUsiku
Hapo kwenye kupima tena baada ya kilomita 50 naomba kila mtu apasome mara mbili. Mimi nilifunga tairi ya nyuma kushoto jioni, nikasafiri alfajiri. Baada ya saa nzima nikasikia tok tok tok, ikienda kasi kadiri gari inavyoenda kasi. Nikadhani ni jiwe limenasa kwenye kashata (michongo ya tairi). Nilipotaka kupuuza, mke wangu akasema simama. Nati mbili hazikuwepo, tatu nilizitoa kwa vidole. Nyuma walikuwa wamelala watoto wangu wawili. Tangu siku ile spana haitoki kwenye buti.

#7 Kashata
Mzee wangu namba 5, heshima yako, lakini sikubali. Gurudumu likikaa tenge litayumbisha gari hata kwenye 40. Mwenzetu anasema hadi 80 imetulia. Mimi niko na Pistoni_Moja.

#8 MzeeJeki
@Kashata tenge ya kuonekana kwa macho ndiyo itakayokuyumbisha kwenye 40. Tenge ya nusu milimita hutaihisi kwenye 40, inafanya kazi ileile ya uzito wa upande mmoja na inajitokeza kwenye kasi zilezile. Ndiyo maana watu wanapiga balansi mara tatu bila kupona. Kwenye mashine rimu inakaa katikati kwa koni ya mashine, kwenye gari inakaa katikati kwa habu na nati. Mashine haiwezi kuona kosa lililoko kwenye gari.

#9 Rimu_na_Habu
Swali moja kwa mleta mada: hizo rimu ni za kiwanda, au za kununuliwa pembeni?

#10 NatiTano
Ni za aloi, nilizikuta kwenye gari nilipoinunua. Nimepima sasa hivi kwa vernia: tundu la katikati ni milimita 67.1, shingo ya habu ni 54.1. Kulikuwa na pete za plastiki kati yao. Ya upande wa kulia ilikuwa imepasuka, nikaitupa.

#11 Rimu_na_Habu
Ukaitupa! Ndugu yangu, hiyo pete ndiyo iliyokuwa inalishika gurudumu katikati. Bila pete kuna nafasi ya milimita 13 na gurudumu linategemea nati peke yake. Tafuta pete nyingine kabla hujagusa kitu kingine. Uzi umeisha.

#12 Kashata
Haujaisha. Nati zenye koni zinalileta gurudumu katikati zenyewe zikikazwa kwa mpangilio. Pete kazi yake ni kusaidia wakati wa kufunga. Nimeendesha gari yenye rimu za pembeni bila pete kwa miaka minne na haikuwahi kutetemeka.

#13 BintiSpana
Nyote mnaweza kuwa sahihi. Koni inaleta katikati *ikiwa* umekaza kwa nyota, kidogokidogo, gurudumu likiwa halina uzito wa gari. Yeye alizunguka moja baada ya nyingine na akasimama juu ya spana. Bila pete, hakuwa na kitu cha kumsahihisha. Angalia pia nati zenyewe: rimu nyingine zinataka nati ya koni, nyingine nati yenye kichwa cha duara kama nusu mpira, nyingine bapa yenye washa. Nati isiyo ya rimu hiyo itakaa, itakaza, na itakudanganya.

#14 Mvua_Kubwa
Tumelisahau swali la pili. Mpya zilitakiwa kwenda NYUMA.

#15 Upepo32
Kwa nini? Gari yake inavutwa na mbele, mbele ndiko kunakopinda na ndiko breki inakolalia zaidi. Tairi nzuri ziende penye kazi. Miaka yote nafanya hivyo.

#16 Mvua_Kubwa
Nami nilifanya hivyo miaka yote, mpaka siku moja. Mbele nilikuwa na mpya, nyuma zimebaki kama milimita 2. Mvua, kona ya kawaida ninayoipita kila siku, maji yamesimama njiani. Za mbele zilikata maji vizuri, gari ikatii usukani. Za nyuma zikaelea. Gari iligeuka ikatazama nilikotoka kabla sijajua kinachoendelea. Nilikaa palepale nimeshika usukani, natetemeka mwili mzima. Hakukuwa na gari jingine, namshukuru Mungu.

Ya mbele ikiteleza unaisikia: usukani unakuwa mwepesi, gari inakwenda moja kwa moja, unaachia mafuta, kasi inapungua, tairi inashika. Ya nyuma haikupi taarifa, na dereva wengi hatuna ufundi wa kuirudisha gari iliyokwisha kugeuka.

#17 Pistoni_Moja
Namuunga mkono #16. Hata Michelin wanashauri mpya mbili ziende nyuma, bila kujali gari inavutwa na mbele au inasukumwa na nyuma. Tairi mpya ina kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Kiwango cha chini cha kisheria kwenye nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, ni milimita 1.6, lakini uwezo wa kukata maji unapungua mapema kabla ya kufika hapo.

#18 Upepo32
Sawa, lakini mkifanya hivyo za mbele zinaendelea kuisha kila mara na za nyuma zinazeeka zikiwa na kashata kamili. Mtu anajikuta na tairi ya miaka tisa inayopendeza kwa macho.

#19 BintiSpana
Dawa ya hilo ni kuzibadilishana nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, mbele kwenda nyuma na nyuma kuja mbele, ili zote nne ziishe pamoja. Wenye zile zenye mshale wa mwelekeo ubavuni, msizivushe upande. Na wenye 4x4 ya muda wote, mjadala wa mbili haupo: tofauti kubwa ya kashata inafanya magurudumu yazunguke kwa mwendo usio sawa, na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika mpaka ife. Hapo ni nne kwa pamoja.

#20 MamaWatatu
Nachomekea kidogo kuhusu umri aliogusa #18. Watu wengi wanaangalia kashata tu. Tafuteni maandishi ya DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi niliuziwa "mpya" zenye vinyweleo vyake vyote, nikafika nyumbani nikasoma: zilikuwa na miaka saba. Nilirudi nazo, wakabadilisha bila ubishi, maana walijua.

#21 Sijaelewa_Bado
Zangu za spea zina tarakimu tatu tu, 418. Ni wiki ya 4 ya 2018?

#22 MamaWatatu
Hapana ndugu. Tarakimu tatu ni za kabla ya mwaka 2000. Hiyo ni wiki ya 41 ya mwaka unaoishia na 8, yaani 1998 au hata 1988. Itoe kwenye gari leo, tafadhali, hata kama haijawahi kukanyaga chini. Mpira unakauka kwa umri hata ukiwa umelala gizani.

#23 Sijaelewa_Bado
Ahsante sana. Nimeshtuka kweli. Nilikuwa najivunia kwamba spea yangu haijatumika.

#24 NatiTano
Mmenitia wasiwasi nimeenda na tochi. Tairi zangu mbili "mpya" ni jina moja, mchoro mmoja. Moja inasoma 1423, nyingine 3620. Zimepishana karibu miaka mitatu! Hilo linaweza kuleta mtetemo?

#25 Kashata
Lenyewe peke yake, sidhani. Ila ile ya 3620 ilihifadhiwaje miaka yote hiyo? Ikilaliwa na nyingine kumi juu yake inaweza kuchukua umbo.

Na lipo jingine ambalo halijatajwa. Tairi inaweza kupiga balansi hadi sifuri na bado itetemeshe, kwa sababu ugumu wake haulingani pande zote. Balansi inapima uzito, haipimi ugumu. Angalieni nukta za rangi kwenye tairi mpya: ya njano ni sehemu nyepesi, huwekwa kwenye valvu. Nyekundu ni pale tairi inaposukuma kwa nguvu zaidi, huoanishwa na alama ya sehemu ya chini ya rimu, kama rimu inayo. Fundi mwenye haraka hazioni kabisa.

#26 Upepo32
Upepo umejaza kiasi gani?

#27 NatiTano
Nimejaza PSI 44, kama ilivyoandikwa kwenye tairi.

#28 Upepo32
Hapana, hapana. Ile namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi, haijui imefungwa kwenye gari gani. Ya gari yako iko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi. Gari ndogo nyingi ni kati ya 30 na 35. Pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi. Ikishapata moto inapanda yenyewe, usiipunguze. Joto la hewa likishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza kama PSI 1, kwa hiyo msimu ukibadilika pima upya.

Tairi iliyojaa kupita kiasi inaisha katikati, inagusa barabara kwa mgongo tu, na kila kokoto inalipeleka kwenye usukani. Iliyopungua inaisha mabega yote mawili na inapata moto. Inayoisha bega moja, tafuta alaimenti (kunyoosha magurudumu). Yenye mashimoshimo kama imeng'atwa, hapo jirani yako wa shokapu anapewa nafasi ya kusikilizwa.

#29 Mafuta_Tele
Ndiyo maana mimi nilihamia naitrojeni. Haipandi haishuki.

#30 Pistoni_Moja
Hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Naitrojeni kavu inapanda na kushuka kwa joto karibu sawasawa na hewa kavu. Faida yake iko kwenye kukosa unyevu na kuvuja polepole. Ni nzuri, ila kipimo cha upepo bado unakihitaji.

#31 MamaWatatu
Tukiwa kwenye tairi, naomba niulize wanaoziba pancha wenyewe. Ule uzi mnene wa mpira unaochomekwa kwa sindano, mnaamini kwa muda gani? Wangu uko kwenye gari mwezi wa nane.

#32 DerevaWaUsiku
Mimi miaka miwili, katikati ya kashata, haijawahi kuvuja. Tairi ikaisha uzi ukiwa bado umekaa.

#33 MzeeJeki
Una bahati, na bahati usiifundishe watoto. Uzi ule ni wa kukutoa porini ufike kwa fundi. Kuziba kwa kuaminika ni tairi itoke kwenye rimu, ikaguliwe ndani, kisha iwekwe kiraka chenye shina, ule uyoga unaojaza tundu na kufunika ndani kwa wakati mmoja. Ndani ndiko unakoona kama uliendesha ikiwa haina upepo: kuta zinakuwa zimesagika, unga mweusi umejaa. Ya namna hiyo haizibiki, hata kama tundu ni la sindano. Tundu lisizidi milimita 6 na liwe katikati ya kashata. Begani na ubavuni, hapana. Ubavu unajikunja kila mzunguko, kiraka hakiwezi kukaa hapo.

#34 MamaWatatu
Ahsante. Wangu uko karibu sana na bega. Nimeelewa, naipeleka.

#35 Fundi_Kando_ya_Njia
Nimesoma uzi wote. Mbona hamjauliza breki? Mtu kabadilisha pedi siku hiyohiyo. NatiTano, endesha dakika 20 bila kutumia breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Tuambie ipi ina moto.

#36 NatiTano
Nimerudi. Kulia kuna moto wazi kabisa, kushoto vuguvugu. Naanza kuogopa.

#37 Fundi_Kando_ya_Njia
Kalipa ya kulia, ile inayobana pedi kwenye diski, inashika. Ulirudishaje pistoni? Pini za kuteleza ulizitoa ukazisafisha na kuzipaka grisi ya breki? Na kalipa ilipotoka uliitundika na kitu au iliningʼinia kwa bomba lake?

#38 NatiTano
Pistoni nilirudisha kwa klampu, kifuniko cha mafuta ya breki kikiwa wazi. Pini sikuzigusa. Kalipa iliningʼinia kwa bomba, kama dakika kumi.

#39 Fundi_Kando_ya_Njia
Basi toa pini, safisha kutu, paka grisi inayovumilia joto na isiyoharibu mpira. Bomba likague kwa kulikunja taratibu: likionyesha ufa, badilisha. Kuna bomba zinazochanika kwa ndani, zinapitisha mafuta kwenda na kuyakataa kurudi, pedi inabaki imebana diski. Tumia waya kuitundika kalipa kwenye springi siku nyingine.

#40 Kashata
Breki inayoshika ni hatari na lazima itengenezwe, lakini inavuta gari upande mmoja na kutoa harufu. Mtetemo wa kati ya 90 na 105 unaopotea kwenye 110 si wake. Na diski iliyopata moto ikapakwa madoa ya pedi itatetemeka *ukikanyaga* breki. Yeye alisema hakuna kinachoongezeka.

#41 Fundi_Kando_ya_Njia
Kama pedi haiachii, breki imekanyagwa muda wote. Utajuaje kinachoongezeka?

#42 Kashata
Hapo umenibana. Nakubali kusubiri.

#43 BintiSpana
Nasimamisha mjadala kidogo, maana mwenzetu anaenda tena chini ya gari. NatiTano, unainulia nini?

#44 NatiTano
Jeki iliyokuja na gari.

#45 BintiSpana
Na chini yake?

#46 NatiTano
Hakuna kitu.

#47 BintiSpana
Nakuomba kama dada yako. Jeki ile imetengenezwa kwa kubadilisha gurudumu, dakika kumi, mwili wako ukiwa nje. Kazi ya kalipa inataka stendi ya chuma chini ya sehemu imara iliyoonyeshwa kwenye kitabu, ardhi ngumu na tambarare, handibreki juu, gari kwenye gia, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa mbele na nyuma. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya kizingiti cha gari, likibaki huko hata jeki ikisaliti kuna kitu kitakachopokea. Legeza nati kabla ya kuinua, gari ikiwa bado imekanyaga. Nimemzika mtu wa karibu kwa kazi ya "dakika mbili tu". Siandiki haya kujaza uzi.

#48 DerevaWaUsiku
Pole sana dada.

#49 NatiTano
Pole sana @BintiSpana. Naazima stendi mbili kesho. Sigusi gari kabla.

#50 Mafuta_Tele
Pole dada. Gurudumu likigoma kutoka kwa kutu, msilipige nyundo gari ikiwa juu. Rudisha nati kwa vidole, acha nafasi kidogo, shusha gari, isukume kwa mkono mbele na nyuma. Linaachia lenyewe.

#51 Sijaelewa_Bado
Nami huwa napaka grisi kwenye bolti zote ili zisigande. Nafanya vizuri?

#52 MzeeJeki
Soma kitabu cha gari. Watengenezaji wengi wanataka bolti kavu na safi. Kipimo cha toki kimehesabiwa kwa bolti kavu. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na kwa nyutonimita zilezile bolti inavutwa zaidi. Kutu inayokusumbua iko kwenye uso wa habu. Pale safisha kwa brashi, na kama lazima upake, basi utando mwembamba usiofika kwenye bolti.

#53 NatiTano
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita.

Nilinunua pete mbili mpya. Nikasafisha habu, kutu ilikuwa imekaa kama maganda. Nikafunga kwa nyota, nikamalizia chini kwa toki, 105 kama kitabu kinavyosema. Upepo 33. Pini za kalipa ya kulia, moja ilikuwa imeganda kabisa, niliizungusha kwa shida. Sasa rimu zote mbili ni vuguvugu sawasawa.

Nikaenda barabarani. Mtetemo umepungua sana, labda robo tatu umeondoka. Lakini upo bado, kuanzia 95 hadi 105.

#54 Rimu_na_Habu
Pete!

#55 Fundi_Kando_ya_Njia
Pini ya kalipa.

#56 Upepo32
Na upepo je? Katoka 44 hadi 33.

#57 MzeeJeki
Amebadilisha mambo matano siku moja, hakuna anayeweza kujua ni lipi. Kijana, kuanzia sasa badilisha kitu kimoja, endesha, andika. Hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Mtetemo ukitoka mikononi ukahamia kwenye kiti, ugonjwa uko kwenye magurudumu. Ukibaki mikononi, uko kwenye gari.

#58 NatiTano
Nimehamisha. Usukani umetulia, sasa nausikia kwenye kiti, ila kidogo. Nikarudi kwa fundi wa tairi mwingine, akapima zote mbili upya. Ya 1423 ilikuwa sawa. Ya 3620 ilikosa gramu 25, na imefungwa kwenye rimu iliyokuwa kulia. Amerekebisha. Bado kwenye 100 barabara laini kuna mlio wa kutetemeka kwa mbali.

#59 Pistoni_Moja
Gramu 25. Namba 2, someni tena namba 2.

#60 Kashata
Gramu 25 zimerekebishwa na mtetemo upo. Ni ugumu wa tairi ile ya zamani. Ni wa kwangu wa namba 25.

#61 Rimu_na_Habu
Au rimu yenyewe imepinda. Ile pete ilipasuka kwa nini? Huenda upande wa kulia uliwahi kugonga shimo kabla hujainunua gari.

#62 MzeeJeki
Hilo linapimika. Inua upande ule, weka penseli juu ya tofali, ncha karibu kugusa ukingo wa rimu. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono, tazama nafasi inavyopanuka na kubana. Pima ukingo, kisha pima na tairi juu ya kashata. Weka chaki pale inapokaribia zaidi. Halafu toa gurudumu, lirudishe kwa kulisogeza bolti moja, pima tena. Alama ya chaki ikibaki palepale kwenye rimu, ni rimu. Ikihama, ni habu. Kama rimu imenyooka na tairi ndiyo inayopanda na kushuka, Kashata amepata.

#63 NatiTano
Nimepima mara ya kwanza jioni hii. Ukingo wa rimu unacheza kama milimita moja, tairi juu ya kashata karibu moja na nusu. Chaki nimeweka. Giza limeingia, kusogeza bolti ni kesho asubuhi.

#64 BintiSpana
Stendi iko chini?

#65 NatiTano
Iko chini, na gurudumu la spea liko chini ya kizingiti. Vizuizi mbele na nyuma.

#66 BintiSpana
Haya. Kesho tupe namba zako.